Mbili Nukta Mbili

Imeenea miongoni mwa wapenzi wa mpira wa kikapu, na hasa miongoni mwa vijana waliolelewa na simu za mkononi, itikadi ya kwamba mchezo huu, tofauti na kandanda ambamo kila mtazamaji huondoka uwanjani na rai yake, umejaaliwa hakimu asiye na upendeleo wala huruma, naye ni lile jedwali la takwimu litolewalo mara tu mchezo unapokwisha: fulani pointi kadha, ribaundi kadha, asisti kadha, bloku kadha, kwa dakika kadha, na kwamba aliye na jedwali hilo mkononi hana tena haja ya kuuliza mchezo ulikwendaje. Hata huku kwetu Irente, ambako milima ya Usambara hukatika ghafla na jicho likateremka mpaka Mazinde kwenye mashamba ya mkonge, kijiwe cha bodaboda hakikosi kadhi wa namna hiyo, na kila nikimletea hoja hunijibu kwa maneno yale yale: "Shikamoo mwalimu, lakini takwimu hazidanganyi."

Mfano waupendao kuliko yote ni wa Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ya NBA ya Marekani, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyeanza kuushika mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, akasoma Makongo, akavuka bahari kwenda kumalizia sekondari huko Houston, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006, na ilipofika tarehe 25 Juni 2009 akawa wa pili kuchaguliwa miongoni mwa wachezaji wapya wote wa mwaka ule, timu ya Memphis Grizzlies ikimtanguliza mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Alicheza NBA misimu mitano, michezo 224, na jedwali la maisha yake yote katika ligi hiyo linasema pointi 2.2, ribaundi 2.7 na bloku 0.8 kwa mchezo mmoja, ilhali Harden na Curry walikuja kuwa masultani wa zama zao. Kwa hiyo, husema kijiwe, na husema hivyo hivyo waandishi wa Marekani kila unapowadia msimu wa kuchagua wachezaji wapya, Thabeet ni hasara miongoni mwa hasara kubwa katika historia ya mchezo, na aliyeitoa hukumu hiyo si binadamu mwenye chuki, bali ni hesabu. Mbili nukta mbili, nini tena?

Rai hii naipinga, na naomba nifahamike mapema kwamba siipingi kwa uzalendo, maana uzalendo si hoja, na mtu akinishinda kwa burhani juu ya Mtanzania mwenzangu sina budi kumpa mkono. Naipinga kwa sababu hesabu haikusema hayo inayosingiziwa, na kwa sababu hao wanaojinasibu kuwa wafuasi wa takwimu ndio hasa walioacha kuzisoma.

Tuianze hiyo pointi 2.2, kwa kuwa ndiyo inayorushwa kijiweni kama jiwe. Alikuwako kabla ya Thabeet mtu mwingine kutoka upande wetu huu wa Afrika, Manute Bol, Mdinka wa nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, mrefu kuliko Thabeet, aliyechaguliwa na Washington Bullets mwaka 1985 akiwa mtu wa 31 katika orodha. Bol alistaafu akiwa na wastani wa pointi 2.6 kwa mchezo. Alifunga katika umri wake wote wa NBA pointi 1,599 na kuzuia mitupo 2,086, jambo ambalo halijapata kuonekana kwa mchezaji mwingine aliyedumu kama yeye, yaani kuzuia mara nyingi kuliko idadi ya pointi zake mwenyewe. Basi nauliza: kati ya pointi 2.6 za yule na 2.2 za huyu, ni tofauti gani iliyomfanya mmoja apendwe na kukumbukwa kwa ajabu yake, na wa pili awe kichekesho? Najua jibu litakalokuja, nalo ni kwamba Bol alizuia mitupo 3.3 kwa mchezo, na Thabeet 0.8 tu. Vyema sana. Lakini anayejibu hivyo ameshaziacha pointi na kukimbilia safu nyingine, na kwa kufanya hivyo amekiri kwamba hesabu moja haijitoshelezi, bali husomwa kwa msaada wa nyingine. Na mlango huo akishaufungua hawezi kuufunga kwa wakati anaoutaka yeye.

Maana safu inayofuata ni ya dakika. Thabeet katika maisha yake ya NBA alipewa wastani wa dakika kumi na nusu katika mchezo wa dakika 48. Msimu wake wa kwanza, ule wa 2009–10, alicheza michezo 68 kwa wastani wa dakika 13, akapata pointi 3.1, ribaundi 3.6 na bloku 1.3. Chukua kalamu, ewe mfuasi wa takwimu, upige hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la sita wa hapa Lushoto anaiweza: mtu azuiaye mitupo 1.3 kwa dakika 13, angezuia mingapi kwa dakika 36, ambazo ni kadiri ya mchezaji mkubwa wa ligi ile? Jibu ni 3.6. Na mwaka huo huo aliyeongoza ligi nzima kwa kuzuia mitupo, Dwight Howard wa Orlando, ambaye hakuna mtu mwenye akili timamu aliyemwita hasara, alizuia 2.8 kwa mchezo huku akicheza karibu dakika 35. Kwa kipimo cha dakika kwa dakika, kijana wa Makongo alikuwa akizuia mitupo zaidi ya bingwa wa kuzuia mitupo. Hayo yamo katika jedwali lile lile wanalolishika kijiweni, hayakufichwa, yamo safu chache tu kuelekea kushoto.

Sasa itanipasa nifanye insafu, kwa sababu mabishano yasiyo na insafu ni kelele. Hesabu hiyo niliyoipiga ina mtego wake, nami ningekuwa mlaghai kama ningeificha. Dakika 13 za mchezaji wa akiba si dakika 13 za Howard: aghalabu hukutana na wachezaji wa akiba wenzake, huingia na nguvu zote akijua atatoka punde, na hathubutu kuchoka kwa sababu hapewi nafasi ya kuchoka. Tena Thabeet aliandamwa na faulo, na mchezaji wa NBA akifikisha faulo sita hutolewa nje, kwa hiyo si hakika kwamba angezifikia hizo dakika 36 hata lau kocha angempa. Miguu yake ilikuwa mizito katika kuhama, na mwili wake, pamoja na urefu wa futi 7 na inchi 3, ulisukumika. Jambo hili lilionekana kabla hajafika NBA: tarehe 16 Februari 2009, siku aliyotimiza umri wa miaka 22, DeJuan Blair wa Pittsburgh, mfupi kuliko yeye kwa kadiri kubwa, alimbeba akamgeuza juu ya bega lake mbele ya halaiki ya Hartford, akaondoka uwanjani na pointi 22 na ribaundi 23, timu yake ikishinda 76 kwa 68. Anayetaka kusema kwamba Thabeet alikuwa na kasoro za wazi hapingani nami hata kidogo. Ninachokikataa ni kusema kwamba kasoro hizo zimesomwa katika 2.2. Hazikusomwa humo; zilionwa na macho ya watu waliotazama mchezo, kisha 2.2 ikaletwa baadaye kutia muhuri.

Na huyo Blair, kwa kuwa tumemtaja, ana jambo lake la kutufunza. Yeye na Thabeet waligawana tuzo ya mchezaji bora wa jumuiya ya Big East mwaka huo, na takwimu zake zilikuwa za kutisha, lakini ilipofika siku ya kuchagua aliangukia nafasi ya 37, kwa kuwa madaktari walisema magoti yake hayana baadhi ya kano za kuyashika. Yaani wenye timu, ambao fedha ni zao, waliweka takwimu kando na kusikiliza jambo lisiloandikwa katika jedwali lolote. Wao huruhusiwa. Sisi wa kijiweni ndio tunaoambiwa tusiulize.

Hapa ndipo ninapofika kwenye namba ambayo hasa ndiyo inayomhukumu Thabeet, nayo si 2.2 wala 0.8, bali ni 2: nafasi ya pili. Ondoa hiyo, umweke nafasi ya 31 kama Bol au ya 37 kama Blair, na mtu aliyecheza michezo 224 ya NBA akiwa mlinzi wa akiba, ambaye msimu wa 2012–13 alikuwa katika timu ya Oklahoma City Thunder iliyoshinda michezo 60 na akatia kikapuni takriban asilimia 60 ya mitupo yake, atahesabiwa kuwa alifanya kazi ya halali na kupata mshahara wa halali. Lakini nafasi ya pili si takwimu ya Thabeet. Hakuitupa yeye, hakuidaka yeye, hakuizuia yeye. Ni takwimu ya watu waliokaa mezani Memphis wakiwa na Marc Gasol tayari katika nafasi ile ile, wakamchukua kijana ambaye alikuwa amecheza mchezo huu kwa miaka saba tu, kisha mwezi uliofuata wakamleta Zach Randolph, na kabla msimu haujakwisha, Februari 2010, wakampeleka katika timu ya Dakota Wizards ya ligi ya chini, akiwa mtu aliyechaguliwa juu kuliko wote waliopata kupelekwa huko hadi siku ile. Kosa la mchaguzi limeandikwa katika daftari la mchaguliwa, na karani wa kuandika hivyo si mwingine ila huyo anayedai kuwa hana upendeleo.

Na wachaguzi wenyewe, tusiwaonee kupita kiasi, walikuwa na takwimu. Katika msimu wake wa mwisho chuoni Thabeet alikuwa na pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mchezo, Connecticut ikafika nusu fainali ya taifa. Alikuwa mlinzi bora wa Big East miaka miwili mfululizo. Ikiwa namba hazidanganyi, basi Memphis walifanya sawa, wala hakuna hasara yoyote ya kuzungumzwa. Na ikiwa Memphis walikosea, basi namba zilidanganya au zilisomwa vibaya. Mwenye itikadi hii achague upande mmoja. Hawezi kuziamini namba za chuoni pale zinapomfanya Thabeet astahili kubeba deni, kisha akaziamini za NBA pale zinapomshitaki kwa kushindwa kulilipa, bila ya kueleza katikati hapo palitokea nini. Na kinachoeleza ni mambo ya umri, makocha, dakika, majeraha na nafasi, ambayo hayamo katika jedwali.

Wanaonitupia jina la Curry nao nina lao. Kabla ya Curry walitangulia watu sita: Blake Griffin, Thabeet, Harden, Tyreke Evans, Ricky Rubio na Jonny Flynn, na timu ya Minnesota, iliyokuwa na nafasi mbili mfululizo, ya tano na ya sita, ilimpita Curry mara mbili kwa usiku mmoja. Msimu wa kwanza ulipokwisha, mchezaji bora miongoni mwa wapya hakuwa Curry, bali Evans wa Sacramento, aliyepata zaidi ya pointi 20, ribaundi tano na asisti tano kwa mchezo, kiwango ambacho kwa mchezaji mpya kilikuwa kimefikiwa na watu kama Oscar Robertson, Michael Jordan na LeBron James. Jedwali la mwaka 2010 lilisema wazi kwamba Evans ni bora kuliko Curry, na timu ya Evans ikashinda michezo 25 katika 82. Lau kijiwe chetu kingekuwapo wakati huo na mtandao kama huu, ningesikia Evans akiimbwa mpaka Soni na Bumbuli.

Lakini haya yote ni ya namna ya kuzisoma hesabu. Kuna jambo zito zaidi, nalo ni kile kinachohesabiwa. NBA ilianza kuandika bloku na mipira iliyoporwa katika msimu wa 1973–74 tu. Bill Russell, aliyetwaa ubingwa mara 11 akiwa na Boston Celtics, na ambaye kuzuia ndiko kulikokuwa taji lake, alistaafu mwaka 1969 akiwa hana bloku hata moja katika daftari rasmi la ligi. Wilt Chamberlain aliondoka mwaka 1973, hesabu ikiwa mlangoni, naye akaondoka mikono mitupu vivyo hivyo. Je, hawakuzuia? Mtu anayeamini kwamba kisichoandikwa hakikuwapo atalazimika kusema kwamba kazi ya kuzuia mitupo ilizaliwa siku karani alipochongewa safu yake.

Na hata baada ya safu hiyo kuchongwa, inachukua mwisho wa jambo na kuliacha jambo lenyewe. Tarehe 31 Januari 2009, dhidi ya Providence, Thabeet alipata pointi 15, ribaundi 11 na bloku 10, na magazeti yakaziandika kwa furaha zote tatu. Bloku kumi ni mitupo kumi iliyokwisha kutoka mkononi mwa wenye kuitupa. Iko wapi mitupo ambayo haikutoka? Mchezaji aliyeingia mbio kuelekea kwenye ringi, akainua kichwa, akaona mkono ule unamngoja juu, akageuka akarudisha mpira nje kwa mwenzake, naye mwenzake akatupa kutoka mbali akakosa, ameandikwa wapi? Mwenzake ameandikiwa kukosa. Aliyedaka mpira ameandikiwa ribaundi. Aliyesababisha yote hayo hakuandikiwa kitu. Hapa Usambara mwenye shamba la mahindi akiweka mlinzi wa tumbili hamlipi kwa idadi ya tumbili waliopigwa mawe, kwa maana mlinzi akiwa hodari tumbili hawashuki kabisa, na kwa hesabu ya mawe atakuwa mvivu kuliko wote bondeni. Mzuiaji aliyekwisha kuogopwa huzuia kidogo, na jedwali humpunguzia daraja kwa sababu hiyo.

Wamarekani wenyewe, ambao ndio wenye mchezo, walilifahamu hili zamani. Mwaka huo huo wa 2009 mwandishi Michael Lewis alitoa makala mashuhuri juu ya Shane Battier wa Houston Rockets, mtu ambaye jedwali lake lilikuwa la kawaida mno, lakini kila alipokuwa uwanjani timu yake ilicheza vizuri zaidi na nyota wa wapinzani alicheza vibaya zaidi. Na tazama mzaha wa historia: Februari 2011 Memphis walimtoa Thabeet, pamoja na DeMarre Carroll na haki ya kuchagua mchezaji wa duru ya kwanza, wakampata huyo huyo Battier. Miezi miwili baadaye Memphis, walioingia mashindano ya mwisho wakiwa wa nane, yaani wa mkiani, walikwenda San Antonio katika mchezo wa kwanza na Battier akatupa pointi tatu za ushindi, 101 kwa 98. Nao wakawatoa wale wakubwa kwa michezo minne kwa miwili. Wapinzani wangu hukitaja kisa hiki kwa kicheko, kwamba Thabeet alikuwa chenji ya kununulia mtu wa maana. Mimi nakitaja kwa sababu nyingine: yule mtu wa maana, lau mngemsoma kwa namna mnavyomsoma Thabeet, msingemnunua.

Bado hatujauliza nani aandikaye. Bloku angalau huonekana, lakini asisti ni hukumu: karani ndiye aamuaye kama pasi ile ndiyo iliyozaa kikapu au mfungaji alijifanyia mwenyewe kazi baada ya kuipokea. Januari 1997, Grizzlies hao hao wakiwa bado Vancouver kabla ya kuhamia Memphis, Nick Van Exel wa Lakers aliandikiwa asisti 23 katika mchezo mmoja. Miaka mingi baadaye aliyekuwa akiandika alikiri hadharani kwamba baadhi ya hizo alizitoa kwa ukarimu wake mwenyewe, kwa utundu wa kutaka kuona kama kuna mtu atauliza. Hakuna aliyeuliza, na zile 23 zimo daftarini hadi leo. Wachezaji nao si wajinga: Machi 2003 Ricky Davis wa Cleveland, akiwa amebakiwa na ribaundi moja tu kutimiza kumi, aligeuka akautupa mpira kwenye ringi ya timu yake mwenyewe ili audake, na ligi ikakataa kumwandikia. Na tangu kamari ilipoingia kwa kishindo mambo yamekuwa mazito zaidi ya utundu. Aprili 2024 NBA ilimfungia maisha Jontay Porter wa Toronto kwa kuwa alikuwa akiwaarifu wacheza kamari na kutoka mapema uwanjani kwa kisingizio cha ugonjwa, ili pointi na ribaundi zake zibaki chini ya kiwango walichokiwekea dau. Nawaambia hili hasa wale wa kijiweni ambao jioni huwa na mkeka mfukoni: namba unayoiapia haikudanganya hata kidogo, pointi zake zilikuwa chache kweli kweli, aliyedanganya alikuwa mtu, naye alidanganya kwa kutumia namba ya kweli.

Wako wengine, kwa upande wa pili, ambao wakinisikia hunipigia makofi wakidhani nimekuja kuzika takwimu. Hao ni wazee wenzangu zaidi kuliko vijana, wanaosema kwamba mchezaji huonekana kwa jicho, na jicho la mzoefu halihitaji karatasi. Hao siwataki katika safu yangu. Jicho la mzoefu ndilo lililowapita watu wengi wasiokuwa na umbo la kupendeza, nalo husahau robo ya kwanza kabla ya robo ya nne kwisha, na humkumbuka aliyefunga kikapu cha mwisho kuliko aliyefunga kumi vya mwanzo. Mimi nataka hesabu zaidi, si pungufu, nataka 0.8 isitajwe bila ya dakika zake, na dakika zisitajwe bila ya kuuliza nani alizigawa.

Na silisemi hili kwa sababu ya Thabeet, ambaye amekwisha kula chumvi yake, akazunguka mpaka Japani na Taiwan akicheza, wala hahitaji wakili kutoka Irente. Nalisema kwa sababu ya karatasi yetu wenyewe. Ninapokalia meza ya karani katika michezo ya shule za huku, uwanja ukiwa wa simenti iliyopasuka na mpira ukitoka nje huteremka bondeni kupitia matuta ya kabichi mpaka mtoto akaulete, mbele yangu huwa na karatasi ile itumikayo kwa sheria za FIBA, na kalamu mbili, nyekundu kwa robo ya kwanza na ya tatu, ya bluu kwa ya pili na ya nne. Kikapu cha pointi mbili hupigwa mstari wa mshazari juu ya namba. Mtupo huru huwekwa nukta nzito. Pointi tatu huzungushiwa duara namba ya mfungaji. Mbele ya kila jina pana visanduku vitano vya faulo, nami hutia humo herufi P kwa kila kosa la mwili. Basi, imekwisha. Ribaundi haina mahali. Bloku haina mahali. Kijana mrefu wa kidato cha tatu anayesimama chini ya ringi jioni nzima, akizuia saba, akitisha ishirini, na kukosea mara nne, huondoka katika karatasi yangu akiwa na P nne na hana kingine: mlinzi, katika daftari letu, huishi kwa dhambi zake tu.

Nimepata kumwona kijana wa namna hiyo akiachwa na waliokuwa wakiteua wachezaji wa kwenda mashindano ya mbele, walioichukua karatasi hiyo wakaihesabu mistari na maduara, kisha mmoja wao akasema kwa mzaha kwamba mrefu huyu ni Thabeet mwingine. Kijana alicheka pamoja nao. Alikuwa amezuia mpira wa mwisho wa mchezo, mpira ambao lau ungeingia timu yake ingelala kwa pointi moja, na mwandiko wangu mwenyewe ulikuwa hauna njia ya kulisema jambo hilo.

Kwa hiyo siku hizi kando ya karatasi rasmi huwekwa daftari la kawaida la mistari, nalo hushikwa na msichana wa kidato cha pili ambaye macho yake hayabanduki uwanjani, akiandika mambo mawili tu: mitupo iliyozuiwa na mzuiaji wake, na kila mara mshambuliaji alipoingia chini ya ringi akageuka akatoka bila kutupa, pamoja na namba ya aliyemgeuza. Kocha mmoja wa wageni alilitaka daftari hilo baada ya mchezo, akalipekua, akanirudishia akisema kwamba safu ya kwanza ni takwimu, lakini hii ya pili, mwalimu, ni maoni ya msichana. Nikamwuliza asisti ni maoni ya nani.